Ivae Kwanza, Kisha Upige Kelele

Kwako Yasinta,

Mama yako amekuchukua mwende kumuaga shangazi yako, na namjua shangazi yako, hamtarudi hadi mmelishwa mara mbili. Nimefunga mlango wa karakana, nimekaa juu ya kochi la mteja ambalo bado halijavikwa kitambaa, na ninakuandikia. Kesho asubuhi kutakuwa na mizigo, na mama yako atakuwa analia huku anakugombeza. Mimi watu wakilia huwa nageukia gari na kuanza kukagua matairi. Kwa hiyo niliyonayo moyoni nayaweka hapa.

Habari za kuchemsha maji, kuanika godoro, kusali na kutomfungulia mlango kila anayebisha, mama yako ameshazimaliza, sitazigusa. Mimi nataka kulijibu swali lako la wiki mbili zilizopita wakati wa chai. Uliniuliza, "Baba, mtu akitaka fulana ya kuzuia risasi ya kukaa nayo nyumbani, anachaguaje?" Mama yako aliweka kikombe chini akatoka nje. Mimi nikacheka. Kicheko kile kilikuwa cha woga, lakini niseme ukweli, swali lenyewe lilinifurahisha pia. Nimeshona makochi miaka mingi, watu wananiuliza rangi tu. Tangu uulize vile sijafanya kazi ya maana, na huyu mwenye kochi nililokalia ana haki ya kuninunia.

Najua kwa nini uliuliza. Unakwenda kufundisha Busunzu, utakaa peke yako katika nyumba ya mwalimu, na mwalimu aliyekutangulia aliingiliwa na wezi, akakatwa panga begani, akaomba uhamisho. Mama yako hataki uende. Wewe umesema utakwenda, ila kwa fulana. Mimi nataka uende na ninaogopa, na nimegundua kwamba moyo mmoja unaweza kubeba yote mawili bila kupasuka.

Nilianza na soko. Niliambiwa kuna muuza mitumba karibu na kambi ya Nyarugusu ana fulana za namna hiyo, nikaenda. Akanitandikia tatu juu ya turubai. Moja ilikuwa na mifuko mingi, mikubwa na midogo, nikaigeuzageuza nikaona ni ya wazungu wanaovua samaki kwa kujifurahisha. Ya pili ilikuwa boya, jaketi la kukuelesha ukianguka ziwani, amelipaka rangi nyeusi. Ya tatu ilifanana kidogo na kitu: nyeusi, nene, mikanda ya kubana ubavuni na maandishi ya Kizungu mgongoni.

"Mzee, hii hata bunduki ya vita haipiti," akasema.

"Umeijaribu?"

"Sasa mzee wangu, nitaijaribuje? Kwani mimi nina bunduki?"

Nilimpenda kwa jibu lile. Nikamwomba niipeleke kwa fundi cherehani aliyekuwa hatua chache pale, Mkongo mmoja wanayemwita Papa Dodo, ambaye huko kwao aliwahi kuwashonea askari nguo. Papa Dodo aliingiza kidole kwenye mfuko wa kifuani, akakitoa kitupu.

"Papa, hii gilet iko bure. Plaque yake iko wapi? Hapa ndani kulikuwa kunakaa chuma, bameitosha. Imebakia nguo tu."

Nikamuuliza, na kama ningepata nzima? Akaweka mkasi chini, akaniangalia.

"Muzee, sema kwanza, unaogopa nini? Masasi ao kisu? Kuko gilet inazuia masasi ya bunduki ndogo, lakini kisu kinaweza pita katikati ya nyuzi. Kuko ya kisu, masasi inapita. Na ya bunduki kubwa, lazima plaque, na plaque iko nzito, utatembea nayo wapi? Batu banauza rangi tu."

Nilirudi Kasulu swali lake likinizunguka kichwani. Unaogopa nini? Mimi nilikuwa nimekwenda sokoni kama mtu anayekwenda kununua dawa bila kujua anaumwa wapi. Nilipita kwa askari mmoja niliyemtengenezea makochi, nikamuuliza naye. Akaniambia ya jeshi au ya polisi raia asiiguse kabisa, atakwenda kueleza alikoipata. Hata nyingine, akasema, angalia umri wake. Ikishalowa na kukaa juani miaka, kwa nje inaonekana nzima, kumbe ndani imekufa. Hilo nililielewa papo hapo. Sponji ya kochi hufa hivyohivyo, kitambaa kinang'aa na ndani ni unga.

Tena akanionyesha kwa kiganja kile kinachofunikwa: moyo na mapafu, basi. Bega halimo, shingo haimo, mkono haumo. Na mwalimu wa watu alikatwa wapi? Begani. Halafu nikajiuliza swali la kijinga ambalo sijui kwa nini halikunijia mapema: mwizi akija, Yasinta atakuwa wapi? Atakuwa amelala. Nani analala na chuma kifuani?

Hapo nikakumbuka fulana yangu ya Munanila.

Najua hadithi hiyo umeisikia kwa baba yako mdogo, Yohana. Anaisimulia kwenye kila harusi, anaigiza na kuanguka chini, na mimi nacheka na wengine. Lakini Yohana anasimulia sehemu inayochekesha tu. Mimi nilibaki na maswali.

Ulikuwa bado unabebwa mgongoni. Tulikaa kule, mpaka wa nchi uko karibu, na miaka ile watu wenye bunduki walikuwa wakivuka vilima wakichukua ng'ombe, redio, hata magodoro watu wakiwa wamelalia. Nilikuwa ndiyo nimeanza ufundi na nilijiona bingwa wa kushindilia kitu ndani ya kitambaa. Nikajishonea fulana. Ndani niliweka mpira wa tairi la lori, juu yake bati la debe, juu yake sponji, nikafunga yote kwa turubai la kijani na kuishona kwa uzi wa viatu. Niliifunga kwenye mgomba nikaipiga panga, haikupita. Nikaazima upinde wa jirani, mshale ukadunda. Yohana akaitwanga kwa rungu hadi jasho likamtoka. Bunduki sikuwa nayo, kwa hiyo nikaamua mwenyewe tu kwamba na risasi nayo ingekwama. Ona nilivyokuwa: nilijaribu kila nilichokuwa nacho, na kile nilichokuwa nakiogopa hasa sikukijaribu. Tena nilijaribia mgomba, na mgomba haupumui.

Asubuhi moja ukungu ulikuwa umelala kwenye migomba, ule wa kwetu ambao hata jogoo wa jirani humwoni, induru ikapigwa ng'ambo ya kijito. Umekulia mjini lakini desturi unaijua. Ukisikia induru unatoka, na ukitoka unaipokea, unapiga yowe huku unakimbia, ili walio mbele wajue unatokea upande gani na walio nyuma wajue pa kukufuata. Mimi badala ya kutoka nilianza kufunga mikanda. Mama yako alisimama mlangoni na wewe mgongoni.

"Wenzako wote wameshafika," akasema, "wewe bado unavishwa kama bibi harusi!"

Nilipomaliza nikakimbia. Fulana ilinibana hivi kwamba nilipofungua mdomo kupokea induru, kilichotoka ni hewa. Nikajaribu tena, hewa. Nikasema haidhuru, nitafika. Na kwa kuwa nilikuwa nimechelewa nikakata njia katikati ya kahawa, nikatokea nyuma ya wenzangu.

Wakageuka. Mzee Bukuru, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, ndiye aliyepiga wa kwanza, rungu la kifua. Halikuuma. Mwanangu, nitakuambia kitu ambacho Yohana hakijui: nilifurahi. Nilisimama pale katikati ya ukungu nikiwaza, inafanya kazi! Wakanipiga tena, na tena, na mimi nimesimama nafurahia kazi ya mikono yangu. Nilipoona wanazidi nikainua mkono wa kushoto kukinga uso, rungu likaupata, mfupa ukavunjika. Aliyeniokoa ni Yohana, maana lile turubai alikuwa amelitwanga wiki nzima.

"Jamani, acheni! Turubai hilo nalijua! Huyo ni kaka!"

Ng'ombe walikuwa wameshavuka mpaka kabla hata induru haijapigwa. Siku ile nzima aliyepigwa ni mimi tu.

Hadithi ya Yohana huishia hapo. Yangu inaanzia hapo, kwa sababu nilikaa nyumbani na mkono umefungwa vipande vya miti, na hasira haikuja. Nilichokuwa nacho ni hamu ya kujua. Watu hawa nilikula nao, nikalima nao, wamenizikia wazazi. Waliona nini? Nikaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba kuwauliza. Wao walidhani nimekuja kudai faini. Mmoja alinipa kuku kabla sijafungua mdomo, nikamrudishia, akazidi kuogopa.

"Mzee Bukuru, nieleze tu. Uliona nini?"

"Niliona mtu hana shingo," akasema, akiangalia chini. "Kifua kimeanza kwenye masikio. Nikajua siyo wa kwetu."

Mwingine akaniambia, "Tulikupiga hukuanguka. Mtu wa kawaida akipigwa vile anakaa chini. Wewe umesimama tu. Tukasema huyu ana dawa, ongezeni."

Fikiria hilo. Kadiri fulana ilivyofanya kazi vizuri ndivyo walivyonipiga. Nimelitafakari jambo hili nikiwa nashona, nikiwa kanisani, nikiwa nakunywa pombe, na bado linanishangaza.

Aliyenimaliza ni Bibi Nyandwi, ajuza anayekaa mwisho wa kijiji, ambaye siku ile hakuwa na rungu ila alikuwepo.

"Wewe hukuvuza induru, hukuipokea," akasema. "Mtu anayekuja kimya kwenye induru, anakuja kufanya nini?"

"Bibi, nguo ilinibana. Sauti haikutoka."

"Basi hiyo nguo ilikuwa upande wa wezi."

Ndiyo maana kitu cha kwanza ninachokuambia kuhusu kuchagua fulana, yoyote ile, hata ukiinunua Dar es Salaam dukani kwenye kioo: ivae kwanza, kisha upige kelele. Kelele ya kweli, ya mtu anayeitaka roho yake. Usipoweza, mrudishie mwenye duka. Halafu kaa chini nayo, inama ufunge viatu, panda kitandani, fungua mlango umeivaa. Watu huchagua fulana wakiwa wamesimama wima mbele ya kioo, na sijasikia nyumba iliyovamiwa mtu akiwa amesimama mbele ya kioo.

Sasa nikuambie jambo ambalo hulijui. Siku niliyosema nakwenda Kibondo kutafuta mbao, mbao nilizitafuta, ila niliendelea mpaka Busunzu. Usinikasirikie. Kuna jambo lilikuwa linanikera: mwalimu yule alikuwa na majirani. Je, hakupiga kelele? Na kama alipiga, kwa nini hawakuja?

Jirani wa karibu ni Mama Elia, utamjua kwa kucheka kwake, anacheka kabla ya kuongea. Nilimkuta anapepeta maharage. Nikasalimia, "Mwakeye," akaitikia, nikamwambia mimi ni baba wa mwalimu mpya. Nilipouliza habari ya mwalimu wa zamani kicheko kikakatika.

"Baba, hatukusikia kitu," akasema. "Tulimkuta asubuhi amekaa mlangoni, shati amelifunga begani, damu imekauka. Anasema alipiga kelele mpaka sauti ikaisha. Mpaka anaondoka hakutusalimia tena. Anaamini tulimwacha makusudi. Sisi tulilia, baba, nani angemwacha?"

Niliangalia kutoka kwake hadi kwenye ile nyumba. Siyo mbali. Mtu anayeita mbuzi pale ungetegemea umsikie. Nikamwambia, mama, tujaribu. Ufunguo alikuwa nao, mkuu wa shule alimwachia. Nikaingia sebuleni, nikafunga mlango, nikapiga kelele za mtu anayechinjwa. Nikatoka. Mama Elia amesimama palepale na ungo wake.

"Umeshapiga?"

"Nimepiga mpaka koo linawasha!"

"Mimi nakusubiri wewe uanze."

Nikaingia chumba cha kulala, hali ileile. Nyumba ile, Yasinta, mbele yake na madirisha yake yote makubwa yanatazama bonde lenye msitu, na upepo unatoka kwa akina Mama Elia kuelekea huko. Kila alichokisema mwalimu yule kilikwenda kwa ngedere. Mwisho nikaingia jikoni, mlango wa nyuma, pale penye kijidirisha cha kutolea moshi kinachotazama kwa Mama Elia, nikapiga mara moja tu. Nilipotoka nilimkuta Mama Elia ameshafika nusu ya njia, ungo ameutupa, na nyuma yake wanaume wawili wenye majembe ambao hatukuwa tumewaambia kitu. Tulichukua muda kuwaeleza. Mmoja alicheka, mmoja alikasirika, akasema niombe ruhusa siku nyingine kabla ya kuja kufa shambani kwake.

Mama Elia alikaa chini kwenye majani akashika kichwa. "Kumbe alipiga," akawa anasema. "Maskini, kumbe alipiga." Nilimwahidi kwamba nitamtafuta mwalimu huyo nimweleze, na nitamtafuta.

Kwa hiyo kuna chumba kidogo kinachopakana na jiko, wanakitumia kama stoo. Kina harufu ya mahindi ya zamani na dirisha lake ni dogo. Mimi ningelala humo. Sikuambii kwamba hapo ndipo salama ilipo. Mvua ya kwetu ikipiga bati husikii hata mtu mnayelala naye chumba kimoja, na wezi nao wana masikio. Nakueleza tu kile nilichokiona, wewe ni mwalimu, utakipima.

Kabla sijaondoka Mama Elia aliuliza jina lako. Nikamwambia. Akalitamka kwa sauti, Yasinta, akageuka akawarushia wale wenye majembe, nao wakalirudia. Akauliza kama unajua Kiha. Nikasema kidogo, cha mjini. Akacheka.

"Akija tutamnyoosha."

Na fulana? Nimekushonea. Ulidhani ningeacha?

Papa Dodo aliniuliza naogopa nini, na baada ya kwenda Busunzu nina jibu: naogopa panga, kwa sababu ndilo lililoingia nyumba ile. Risasi sijui kuizuia, na safari hii sitajidanganya. Ndani nimeweka mkanda wa mashine ya kusaga, ule wa mpira na turubai, nimeukata vipande vyembamba na kuvipanga kimoja kikilalia kingine mfano wa magamba ya samaki, ili ujikunje vizuri. Mabega nimeyafunika yote mawili. Mbavuni nimeacha wazi, nimeweka lastiki tu, kifua kipate kutanuka. Unaivaa kwa kuingiza kichwa na kuvuta kamba moja, hata macho yakiwa yamefumba. Ni fupi, kwa hiyo utainama bila shida. Nimeivaa mwenyewe nikazunguka nayo uani nikapiga yowe, sauti ilitoka yote.

Kwa nje nimeivika kitambaa cha makochi, kile cha maua mekundu kilichobaki kwenye kazi ya nyumba ya paroko. Utafanana na kochi, najua, na usimwonyeshe mtu unayetaka akuoe. Lakini sijawahi kusikia jambazi aliyekuja amevaa maua, na hata ukungu ukiwa mzito kiasi gani, watu wa Busunzu watajua huyo ni Yasinta.

Jana mama yako aliikuta mezani. Nilijiandaa kugombezwa. Aliishika, akaigeuza, akaivaa juu ya kitenge chake. Halafu akauliza, "Mbona shingo iko wazi?" Nikamwambia sijapata namna ya kufunika shingo bila kubana koo. Akavuta kiti, akachukua sindano, na kola utakayoiona ameishona yeye kwa mkono, laini kwa ndani, imesimama kwa nje. Nimeweka kidole kati ya kola na koo langu, nafasi ipo. Ameshona kutwa nzima bila kusema neno. Nadhani ndiyo ruhusa yako, maana kwa mdomo hutaisikia.

Iko chini kabisa ya sanduku lako, imezungushiwa shuka. Ukiona uzito wake unakukera, iache, sitauliza.

Ila nikuambie kinachonisumbua nikiwa hapa peke yangu. Kochi nikimpelekea mtu, baada ya miezi napita kwake, najifanya nimekuja kusalimia, nakaa juu yake, nabonyeza pembeni, nasikiliza linavyolia. Ndivyo nilivyojua nilikokosea, na ndivyo nilivyojifunza kila kitu. Mama yako husema nitakufa nikiuliza jeneza limetengenezwa kwa mbao gani. Sijawahi kutengeneza kitu nisitake kujua mwisho wake. Fulana hii ni kazi ya kwanza ambayo namwomba Mungu, tangu leo hadi anichukue, nisije nikajua kama niliifanya vizuri.

Ni mimi baba yako,
Kasulu